Mla Majani wa Bonde la Ruhuhu

Je, wajua kwamba mtu asimamaye ukingoni mwa Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, akalitazama bonde la Ruvuma lililotanda chini yake hadi ng'ambo ya Msumbiji, hukanyaga udongo uliowekwa baada ya mnyama ninayetaka kumwelezea hapa kwisha kutoweka duniani? Na kwamba akishuka Masasi, akayaegemea majabali yale yaliyosimama pweke katika tambarare, huegemea mawe yaliyokwisha kupikwa na joto la ardhi dahari nyingi kabla mnyama huyo hajaumbwa? Majabali ya Masasi yamepita umri wa miaka milioni 500, na udongo wa Newala haujatimiza hata milioni 150. Baina yao lipo pengo, na humo ndimo alimoishi Stenaulorhynchus, yapata miaka milioni 240 iliyopita, katika zama za Triasiki. Amtakaye hana budi kushika njia ya Tunduru mpaka Songea, kisha aendelee hadi bonde la mto Ruhuhu, umwagao maji yake katika Ziwa Nyasa.

Alikuwa mnyama mtambaazi wa jamii ya rinkosauri, mnene kiasi cha nguruwe, wala hakuwa dinosaria, ingawa wengi huwachanganya. Ajabu yake yote i kinywani. Mbele ya taya la juu hapana meno, bali mfupa uliopinda kuelekea chini mithili ya mdomo wa kasuku. Nyuma yake meno madogo madogo yamejipanga safu kwa safu, na kati ya safu hizo umepita mfuo mwembamba. Taya la chini lilipofunga, ukingo wake ulizama katika mfuo ule sawasawa na makali ya kisu cha kukunja yaingiavyo mpinini, na jani lililokuwamo likakatika. Meno yenyewe yalishikamana na mfupa, na yalipolika hayakung'oka kupisha mengine, kama yafanyavyo ya mamba. Mapya yaliota kwa nyuma kadiri taya lilivyokua. Fuvu, ukilitazama kwa juu, lina umbo la pembetatu, jembamba mbele na pana mno kisogoni, palipokaa misuli ya kukaza taya.

Mifupa yake iliokotwa na Stockley, mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, na mwaka 1932 Haughton wa Afrika Kusini akampa mnyama jina kamili, Stenaulorhynchus stockleyi, kwa kumtukuza mwokotaji. Mingine ilifika Ujerumani, ambako von Huene aliifafanua kwa kirefu mwaka 1938. Stockley simwonei kijicho, alistahili. Ila jina hilo, nadhani, halimwambii kitu mkulima wa Ruhuhu aliyezaliwa juu ya mifupa ile. Mwaka 2010 mtambaazi mwingine wa bonde lilo hilo, jamaa wa karibu wa dinosaria, ambaye yamkini naye alikula mimea, aliitwa Asilisaurus kongwe: asili na kongwe, maneno mawili ambayo hata mtoto wa Newala huyafahamu bila ya mkalimani.