Aiskrimu, Faluda na Milksheki: Kipi cha Kuulizia Kabla ya Kula?



Wazazi wengi huuliza kuhusu vinywaji na vyakula vitamu vya aiskrimu wanavyovipenda watoto, hasa jioni za Ramadhani na siku za Idi. Asili ya chakula ni kuruhusiwa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Maziwa, sukari na matunda ni halali, basi hatusemi kuwa aiskrimu ni haramu. Tatizo huwa kwenye kitu kidogo kinachotiwa ndani yake.

Tuanze na faluda, maana ndiyo iliyozoeleka majumbani mwetu. Asili yake ni Uajemi, ikapita Bara Hindi kabla ya kufika pwani yetu. Maziwa, sharubati ya waridi, tambi nyembamba na mbegu za mrehani zilizorowekwa havina neno. Linalohitaji kuangaliwa ni ile jeli, na pia aiskrimu ya kopo inayowekwa juu. Jeli ya agaragari hutokana na mwani, nayo ni halali. Jelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe. Ya ng'ombe inategemea amechinjwa vipi. Ya nguruwe, wapo wanavyuoni waliosema kuwa kitu kikigeuka kabisa na hukumu yake hugeuka. Lakini katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, najisi ya nguruwe haitohariki kwa kugeuzwa. Hatuoni vizuri mtu kuiacha kauli anayoifuata siku zote kwa ajili ya jeli tu.

Kwenye kopo, jelatini huweza kuandikwa E441. E471 ni mafuta yaliyotengenezwa kiwandani, ya mimea au ya mnyama, kwa hivyo tafuta maelezo au alama ya halali inayoaminika. E406 ni agaragari. E407 nayo hutokana na mwani wa aina wanaoulima mama zetu wa Paje na Jambiani; viwanda huitia ili aiskrimu isitengane. Hizo mbili zisikutie wasiwasi.

Jambo jengine ni pombe. Aiskrimu ya ramu na zabibu, nyengine ina harufu tu, nyengine zabibu zake zimerowekwa kwenye ramu yenyewe. Afogato ya Kitaliano ni aiskrimu iliyomiminiwa kahawa ya moto, haina ubaya, ila baadhi ya mahoteli huongeza pombe tamu. Hiyo hailiwi hata kijiko kimoja, kwani chenye kulevya kikiwa kingi, kichache chake pia ni haramu. Ama vanila ya maji, sheria ya Marekani inataka ile ya asili iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana kuhusu kiasi kidogo kinachopotea ndani ya chakula. Nyumbani, vanila ya unga inatosha.

Kumuuliza muuzaji si kumdhania vibaya. Na ukiwa dukani kwa Muislamu, wala huna sababu ya kushuku, piga bismillahi ule, hatukuamrishwa kupekua.

Wallahu a'lam.