Ukunga ni Amana

Mwenye kupita Wilaya ya Serengeti, au Tarime upande wa Mto Mara, huenda akawaona nyumbu, pundamilia, swala na nyamera wakilisha pamoja. Kila jamii ina sauti yake ya hatari. Pundamilia hulia kama abwekaye. Nyamera hutoa pumzi puani kwa kishindo. Lakini ijapokuwa sauti zao ni mbalimbali, husikilizana: mmoja akipiga ukunga, wa jamii nyingine huinua kichwa na kutega masikio.

Je, kila ukunga huitikiwa sawasawa? La. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza uchunguzi walioufanya Masai Mara, ng'ambo ya mpaka wetu na Kenya. Walinasa sauti za hatari za wanyama, wakawasikilizisha wanyama wa jamii nyingine, wakatazama watakavyofanya. Wakaona kuwa mnyama hushtuka zaidi kwa ukunga wa yule ambaye maadui wao ni wamoja. Swala tomi ni mdogo, humwogopa hata bweha, ambaye pundamilia mzima hana haja ya kumkimbia. Akilia yule awindwaye na simba, hapo neno ni zito. Kumbe kusikia tu hakutoshi. Yapasa pia kumjua asemaye.

Katika mbuga hiyo hiyo liko jambo jingine, lililoandikwa mwaka 2010. Nyamera dume huwa na eneo lake. Jike amtakaye akianza kutoka, dume hukazia macho kule aendako jike, akatoa sauti ile ile ya hatari, na hali hapana simba wala chui. Jike husita, akarudi. Kwa masikio hawezi kupambanua uongo na kweli. Kwa nini basi huendelea kuamini? Kwa sababu aliyedanganywa hupoteza muda kidogo tu, bali aliyepuuza ukunga wa kweli hupoteza roho. Mwongo huyo hujipatia faida kwa hofu ya mwenzake.

Hapa ndipo tunapotaka vijana wetu wasimame wafikiri. Huku kwetu yowe la wizi wa ng'ombe, au la tembo kuingia shambani, huwatoa watu vitandani usiku na silaha mikononi. Hawawezi kungoja mpaka wapate hakika. Basi apigaye yowe kwa mzaha, au kwa kumponza jirani yake, amewahini wote waliomwamini, na huenda damu ya asiye na kosa ikamwagika kabla ya alfajiri.

Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuzichunguza habari za fasiki kabla hatujamdhuru mtu. Huo ni wajibu wa msikiaji. Msemaji naye ana wajibu wake, kwani ukunga ni amana ya wote wausikiao. Nyamera hakukalifishwa; sisi tumekalifishwa.