Umati, Lango na Mvua ya Saa Tisa

Kwa vizazi, watu wa Isukha na Idakho, hapa Kakamega, wamekusanyika kwa mamia na maelfu kutazama mafahali wakipigana, na sehemu kubwa ya viwanja vyao ni mashamba yasiyo na ukuta. Fahali huletwa asubuhi na mapema, ngoma ya isukuti ikilia, na watazamaji husimama duara wanalolichora kwa miguu yao wenyewe. Fahali anayeshindwa akigeuza mgongo na kutimua mbio, duara hupasuka upande anaoelekea, watu hutawanyika mashambani, kisha hurudi na kujipanga upya. Pembe huumiza, hilo halina ubishi. Lakini hatari ninayoishughulikia kama mtaalamu, ile ya watu kubanana hadi pumzi ikakatika, ni vigumu kutokea hapo, kwa kuwa kila upande ni njia ya kutokea. Tena shughuli huisha kabla ya mvua ya alasiri.

Sasa burudani yetu inahamia ndani ya ua. Likizo ya Agosti na ile ya Desemba zikifika, mji wa Kakamega hujaa bembea za kuzunguka, mabwawa ya kuogelea, yale majumba ya mpira yaliyojazwa upepo ambamo watoto hurukaruka, na matamasha yenye jukwaa na vipaza sauti. Nafurahia jambo hili. Watoto wa Lurambi na Shinyalu wana haki ya kucheza bila kusafirishwa hadi Kisumu au Nairobi. Wasiwasi wangu ni kwamba mahali pakiwa papya huvuta umati mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na wakati huo mwenye kiwanja bado hajajua lango lake linapitisha watu wangapi kwa dakika. Shangazi wa Nairobi ameshaahidi, watoto wameshahesabu siku, na kila familia imechagua kwenda siku ile ile, Krismasi au kesho yake.

Hata waliokuja kuwa mabingwa wa kazi hii ya kupanga umati walianza vibaya. Jumapili ya Julai 17, 1955, Walt Disney alifungua Disneyland huko Anaheim, California. Waliofika walizidi 28,000, wengi mno kuliko walioalikwa, kwa sababu tiketi za kughushi zilikuwa zimezagaa. Jua lilikuwa kali, lami mbichi ikalainika hadi viatu vya visigino virefu vikanasa, na maji ya kunywa yakawa haba kwa sababu mafundi wa mabomba walikuwa wametoka kwenye mgomo na kazi haikukamilika. Kampuni ya Disney ilihitaji miongo kadhaa kujifunza kupanga watu. Mwaka 1999 ilianzisha tiketi inayomwambia mgeni arudi saa fulani, ili asisimame juani bure.

Hesabu ya foleni haihitaji shahada. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha kwamba idadi ya watu walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya wanaoingia ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja anangoja. Kwa mzazi aliyeshika watoto mkono, maana yake ni hii: hesabu walio mbele yako, tazama wangapi wanapita langoni kwa dakika, kisha ugawanye. Walio mbele wakiwa 90 na lango likipitisha watatu kwa dakika, utasimama nusu saa. Afadhali uijue nusu saa hiyo mapema, watoto wapate maji na kivuli, kuliko kuigundua mkiwa mmeshabanwa katikati na mdogo anataka choo.

Na kwetu, kinachokwamisha lango kwa kawaida ni malipo ya simu. Tazama meza ya langoni kwa makini. Mama ana watoto wake na wa jirani. Anainama kusoma nambari ya till iliyobandikwa mezani, anaibonyeza, anaweka nambari ya siri, anangoja. Karani naye ameikodolea macho simu yake, hamruhusu mtu kupita hadi ujumbe uingie. Ujumbe unachelewa, kwa sababu mamia ya watu waliosimama hapo wanatumia mtandao kwa wakati mmoja, nusu yao wakipakia picha. Tuseme kila mgeni anachukua nusu dakika. Karani mmoja atahudumia watu 120 kwa saa. Wakija 300 kati ya saa tano na saa sita, ikigonga saa sita watakuwepo 180 ambao hawajaingia, na wa mwisho kati yao ana saa moja na nusu ya kungoja. Humo ndani muziki unalia na watoto wa wenzao wanapiga kelele za furaha.

Hapo ndipo foleni huanza kugeuka umati. Aliye nyuma haoni kinachozuia mbele. Anachojua ni kwamba hasogei, kwa hiyo anasukuma kidogo, si kwa ubaya. Watu mia wakisukuma kidogo kila mmoja, nguvu yote hiyo humfikia aliyeegemea lango. Mashabiki wa AFC Leopards na Gor Mahia wanakumbuka Oktoba 23, 2010 katika uwanja wa Nyayo, Nairobi. Watu 7 walikufa katika msongamano wa mashabiki waliokuwa wakitaka kuingia kwenye mechi ya timu hizo mbili. Hawakuwa wanakimbia moto wala wezi. Walitaka kutazama mpira.

Tiba ya sehemu hii ni ya bei nafuu. Meza ya malipo isogezwe mbali na lango, hatua ishirini au thelathini, na aliyelipa apigwe muhuri mkononi. Mlinzi wa langoni abaki na kazi moja tu, kutazama muhuri. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unakadiria kwamba mlango mmoja wa kuzunguka unaweza kupitisha hadi watu 660 kwa saa, zaidi ya mara tano ya karani wetu anayesubiri ujumbe.

Ukitaka kuelewa umati, chora kwa chaki mraba wa mita moja sakafuni. Wasimamishe watu watatu ndani yake: wanageuka, wanazungumza, hawana shida. Wanne wanaanza kugusana. Kwa umati unaotembea, wataalamu kama Keith Still wa Uingereza huchukulia watano kuwa kikomo. Wakifika sita au saba, mwili wako si wako tena. Mhandisi wa Marekani John Fruin, aliyechunguza maafa mengi ya aina hii, alieleza kwamba katika msongamano wa watu saba kwa mita ya mraba umati hutiririka kama maji. Mawimbi hupita ndani yake, huwainua watu kutoka kwenye viatu vyao, hupinda hata vyuma vya uzio. Wengi wanaokufa hawakanyagwi. Hufa wakiwa wima, kwa sababu kifua kilichobanwa pande zote hakiwezi kupanuka kuvuta hewa.

Ndiyo maana sipendi kusikia marehemu wakilaumiwa kwamba walipatwa na kiherehere. Fikiria Tabora, Tanzania, sikukuu ya Idi, Oktoba 1, 2008: watoto karibu 20 walikufa katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Fikiria Moshi, pia Tanzania, Februari 1, 2020: watu 20 walikufa katika mkutano wa ibada wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Fikiria Kampala usiku wa kuamkia 2023: watu wasiopungua 9, wengi wao vijana na watoto, walikufa katika jengo la Freedom City wakitoka kutazama fataki kupitia njia nyembamba. Katika visa vyote hivyo watu walifuata furaha au baraka. Nafasi ndiyo iliyowasaliti, na nafasi hupangwa na mtu.

Siku mbili tu baada ya Moshi, msiba ulibisha hodi kwetu. Jumatatu jioni, Februari 3, 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Msongamano ukatokea, na watoto 14 walifariki. Hakuna mtu wa mji huu anayehitaji kuelezwa zaidi, na familia zile bado zinaishi nasi. Kama mtaalamu nasema neno moja la kitaalamu: ngazi ni mahali pa hatari kuliko tambarare, kwa sababu anayeanguka hapo huwaangusha walio chini yake, na walio juu hawaoni. Mwongozo ule wa Uingereza unakubali watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana wa njia tambarare, lakini kwa ngazi unakubali 66 tu. Jengo lolote la burudani ambalo watoto hupanda ghorofani kisha huteremka kwa ngazi moja linanikosesha usingizi.

Sasa nije kwenye mvua, maana miongozo ya Ulaya haikuandikwa kwa ajili ya anga la Kakamega. Msimu wa likizo wa wenzetu wa kaskazini ni wa jua. Agosti yetu ni ya mvua, na hata Desemba, mwezi ulio mkavu kwa kipimo chetu, wingu la saa tisa si la ajabu. Eneo hili hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hushuka alasiri, kwa kishindo, pamoja na radi na wakati mwingine mvua ya mawe. Umati uliokuwa umetawanyika vizuri kwenye nyasi hukimbilia kwa pamoja mahali pachache penye paa, au langoni kutafuta boda boda na matatu. Mahali palipoonekana pana saa nane huwa finyu saa tisa na dakika tano.

Piga hesabu. Ndani wamo watu 5,000. Lango lililo wazi lina upana wa mita mbili. Kwa kipimo cha 82, watapita watu 164 kwa dakika, kwa hiyo kuwatoa wote kutachukua nusu saa, iwapo hakuna anayeingia, hakuna boda boda iliyoegeshwa mdomoni mwa lango, na hakuna muuza mahindi aliyeweka jiko lake hapo. Mvua haitoi nusu saa. Lango la pili mara nyingi lipo, upande wa nyuma, limefungwa kwa mnyororo ili watu wasiingie bila kulipa, na mwenye ufunguo amekwenda kula. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu katika burudani za kaunti hii, ningeanza na mnyororo huo. Mlinzi asimame hapo na lango lisifungwe kwa kufuli wakati kuna mtu ndani. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hapa hapa mjini, hufundisha usimamizi wa majanga. Wenye viwanja hawana haja ya kwenda mbali kutafuta wa kuwapimia njia zao.

Upepo unaotangulia mvua una hatari yake. Majumba ya mpira yasitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, na yawe yamefungwa ardhini pande zote kwa vigingi imara, si kwa mawe yaliyolazwa juu ya kamba. Matawi madogo ya mikaratusi yakianza kuyumba kwa nguvu, mtoe mtoto. Usisubiri mwenye mashine aamue.

Kwa mgeni mwenyewe, kipimo bora ni mwili wake. Mabega yako yote mawili yakiguswa kwa wakati mmoja na watu usiowajua, tafuta ukingo. Ukishindwa kuinua mkono ujikune pua, umechelewa kidogo, lakini bado una nafasi. Inua mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate upenyo wa kupumua. Usishindane na wimbi. Likikusukuma nenda nalo, na linapotulia piga hatua moja ya mshazari kuelekea pembeni. Jiepushe na kuta na nyuzi za uzio, maana hapo ndipo nguvu huishia. Simu ikianguka, iache. Mtoto mdogo mbebe juu ya usawa wa vifua vya watu, na mwandikie nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu kabla hamjatoka nyumbani.

Na ukiona mambo yanabana, sema. Usiku wa Oktoba 29, 2022, msongamano katika kichochoro cha mteremko mtaani Itaewon, Seoul, ulisababisha vifo vya watu 159. Simu ya kwanza ya kuwaonya polisi ilikuwa imepigwa karibu saa nne kabla ya msongamano huo. Raia wa kawaida aliona, akaeleza sawasawa kitakachotokea, na hakusikilizwa. Mlinzi wa lango la Kakamega anayeambiwa na mama mwenye watoto kwamba nyuma kunabana anapaswa kuzichukulia habari hizo kuwa bora kuliko macho yake, kwa sababu yeye aliye mbele hawezi kuona nyuma. Akisimamisha uingiaji kwa dakika kumi na kupaza sauti kuwaeleza watu sababu, wengi watarudi hatua. Watu hungoja vizuri wanapoambiwa wanangoja nini.

Kabla ya kulipa, basi, zunguka ua kwa nje, au muulize mlinzi lango la pili liko wapi na nani ana ufunguo. Akikujibu papo hapo na kulionyesha kwa kidole, lipa uingie, na panga kutoka saa nane na nusu, wakati nyasi bado ni kavu na matatu za kwenda Mumias na Khayega bado zinaita abiria. Akianza kutazamana na mwenzake, wapeleke watoto mahali pengine siku hiyo. Bembea hizo bado zitakuwepo Januari, na foleni itakuwa fupi.