Njia ya mawe kwenye shamba la mlima



Katika milima yetu ya Kivu, njia nyingi zinashuka moja kwa moja kutoka shambani mpaka barabarani. Mvua nayo inafuata ileile. Inaanza na kamufereji kadogo. Kisha kunakuwa korongo linalokula maharagwe ya pande mbili, na mama mwenye kubeba muzigo wa mihogo anateleza ndani. Njia ya mawe inaweza kuzuia hasara hiyo bila kununua simenti.

Kwanza, mawe ya kutoa wapi? Hapa sisi wenyewe tulikosea. Mahali pamoja tuliacha watu watoe mawe kwenye mistari ya kuzuia udongo, juu yalikuwa karibu. Njia ilitoka muzuri, lakini mvua za mwezi wa 11 zilishusha udongo wa shamba la juu. Tangu siku ile tunasema: jiwe la mstari wa kuzuia udongo haliguswe, na la ukingo wa mto vilevile. Okoteni yale yanayosumbua jembe. Mugonge na nyundo: jiwe gumu linalia kwa sauti kali, lile bovu linatoa sauti nzito na linamomonyoka.

Pili, pitisheni njia kwa kuzunguka mlima polepole, isishuke wima. Upana wa metre 1 unatosha kwa mtu mwenye muzigo.

Kazi yenyewe ni hivi:

1. Chimbeni santimeta 15. Udongo wa juu mupeleke kwenye migomba, musiutupe.

2. Wekeni changarawe ao mawe madogo, mushindilie muzuri.

3. Pangeni mawe mapana juu yake, upande wa bapa ukiangalia juu. Kanyageni kila jiwe. Likicheza, toeni, murekebishe chini. Nafasi za katikati mujaze vijiwe.

4. Njia iinamie kidogo upande mmoja, kama santimeta 2 kwa metre 1, ili maji yatoke, yasikimbie juu ya njia.

5. Penye mlima mkali, fanyeni ngazi. Anzeni chini. Jiwe la juu likalie mgongo wa lile la chini, na kila ngazi isipite santimeta 15 ya urefu, maana mwenye muzigo haoni miguu yake.

6. Kila metre 5 mpaka 10, simamisheni safu ya mawe ya kukata njia mshazari. Maji yaende kwenye majani ao kwenye shimo, hata siku moja yasiende kwa shamba la jirani. Tumeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika juu ya maji hayo.

Pembeni mupande setaria ao tripsakum: mizizi inashika udongo, na majani ni chakula cha mbuzi.

Wakati mzuri ni kiangazi, mwezi wa 7 na wa 8, mbele mvua za mwezi wa 9 zianze. Musikamate njia yote mara moja. Chagueni metre 10 zenye ubaya zaidi, mupange salongo ya siku moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, mutoke muangalie maji yanapita wapi. Yenyewe njo yatawaonyesha mahali pa kurekebisha.