Uvujaji wa oili katika injini ya Volkswagen Beetle

Uvujaji wa oili katika injini ya Volkswagen Beetle ni hali ambapo oili ya kulainisha injini hutoka nje kupitia gasketi, sili au maungio yaliyochakaa. Beetle ni gari dogo lenye asili ya Ujerumani lililotengenezwa kuanzia mwaka 1938 hadi 2003, na zaidi ya magari milioni 21 ya aina hiyo yaliundwa. Injini yake iko nyuma, ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na hupozwa kwa hewa. Gari hili lilijulikana sana Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda nalo mashindano ya East African Safari Rally.

Sababu ya kutopuuzwa

Injini ya Beetle haina maji wala rejeta. Oili hufanya kazi mbili: kulainisha vyuma vinavyosuguana na kuondoa sehemu ya joto lao. Hata hivyo injini hubeba takriban lita 2.5 tu. Gari likipoteza lita moja, limepoteza asilimia 40 ya oili yake yote.

Taa ya oili mbele ya dereva haipimi kiasi cha oili, bali presha yake. Taa hiyo ikiwaka gari likiwa katika mwendo, huenda pampu imeshaanza kuvuta hewa badala ya oili, na beringi za krenki zinaweza kuharibika kwa muda mfupi. Kwa hiyo dereva anatakiwa kusimamisha gari na kuzima injini mara moja. Kipimo cha kutegemea ni dipstiki, inayosomwa gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache.

Oili inayovuja huleta madhara mengine pia. Ikidondokea mabomba ya moshi yenye joto, harufu yake huweza kuingia ndani ya gari kupitia mfumo wa kupasha joto. Ikifika kwenye klachi, klachi huanza kuteleza.

Kutafuta chanzo

Mahali tone linapodondokea mara nyingi sipo linapotokea. Oili hutiririka kushuka chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa sababu hiyo fundi hutafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu mpya, si sehemu chafu kuliko zote.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Injini iliyopoa huoshwa kwa brashi na dawa ya kuondolea grisi. Distribyuta na kabureta hufunikwa ili zisiingie maji. Mafuta ya taa yakitumika, lazima yakauke kabisa kabla ya kuwasha injini, kwani yanaweza kushika moto.
2. Sehemu zinazoshukiwa zikishakauka, hunyunyiziwa poda. Oili ikipita juu ya poda huacha mstari mweusi unaoonekana wazi.
3. Gari huendeshwa umbali mfupi mpaka injini ipate joto, kisha huzimwa na kukaguliwa kwa tochi kuanzia juu kwenda chini.
4. Kadibodi huwekwa chini ya injini usiku kucha. Alama za matone huonyesha upande wa kuanzia uchunguzi.

Gari likiinuliwa lazima lisimame juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Sehemu zinazovuja mara kwa mara

Kava za valvu ziko mbili, moja kila upande, nazo hushikwa na waya wenye springi. Gasketi zake huwa za koki. Koki ikikauka au waya ukilegea, oili hutoka. Dawa ni kusafisha nyuso zote mbili, kuweka gasketi mpya na kuhakikisha kava haijapinda.

Mirija ya fito za valvu ni minane, nayo hupita chini ya silinda. Kila mrija una sili ya mpira kila mwisho, na joto hukausha sili hizo. Kubadilisha mirija ya asili huhitaji kufungua silinda hedi. Mrija mpya huvutwa kidogo kuongeza urefu kabla ya kufungwa, na mshono wake huelekezwa juu.

Kipoza oili kiko upande wa kushoto, juu ya silinda. Sili zake zikivuja, oili hushuka hadi kwenye mirija ya upande huo, na mtu huweza kudhani mirija ndiyo mibovu. Swichi ya presha ya oili nayo iko upande huohuo, hivyo zote hukaguliwa kabla ya kufungua hedi.

Kifuniko cha chujio chini ya injini hushikwa na nati sita ndogo. Hapa kosa la kawaida ni kukaza kupita kiasi: kifuniko hupinda, au stadi hung'oa nyuzi kutoka kwenye kasha la injini, ambalo ni la aloi laini. Nguvu inayotakiwa ni takriban Nm 7 tu. Gasketi mbili za karatasi na washa za shaba hubadilishwa kila kifuniko kinapofunguliwa.

Sili ya flaiwili iko kati ya injini na giaboksi. Ikivuja, oili hudondoka kwenye maungio ya viwili hivyo. Kwanza hunuswa: oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, hivyo huenda sili ya giaboksi ndiyo mbovu. Kubadilisha sili ya flaiwili huhitaji kuteremsha injini. Hapo fundi hupima pia mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma, ambao unapaswa kuwa kati ya milimita 0.07 na 0.13. Mchezo ukizidi, sili mpya nayo haitadumu.

Presha ndani ya kasha

Injini ikivuja sehemu nyingi kwa wakati mmoja, huenda kosa si la sili. Ringi za pistoni zikichakaa, gesi hupenya kutoka kwenye silinda na kuongeza presha ndani ya kasha. Bomba la kupumulia likiziba, au oili ikijazwa kupita alama ya juu, matokeo huweza kufanana. Dalili moja ni oili kutoka nyuma ya puli ya krenki, kwa kuwa kwenye injini za asili sehemu hiyo haina sili ya mpira, bali mfereji wa mzunguko unaorudisha oili ndani. Kwa hiyo kupima kompresheni na kusafisha bomba la kupumulia hutangulia kununua sili.

Baada ya matengenezo

Kuweka oili nzito zaidi hakuponyi sili iliyokatika. Injini ikiwa baridi, oili nzito huweza kuongeza presha kwenye sili za kipoza. Baada ya kila tengenezo injini husafishwa tena, huendeshwa, na kukaguliwa upya kabla ya kugusa sehemu nyingine. Oili chafu iliyomwagwa hukusanywa kwenye chombo kilichofungwa, kwani huchafua udongo na maji.