Usonji: mtaalamu simuni, kazi kwa mama

Mjukuu wa dada yangu, kijijini Micheweni, Pemba, ana miaka minne, hasemi. Jirani wakasema ana shetani. Kumbe ni usonji. (Nami nilisomesha miaka mingi nikiwaita watoto kama hawa watundu.)

Mtaalamu yuko mbali. Mama humrekodi mtoto akicheza, hutuma video, kisha huelekezwa kwa simu: kaa chini naye, fuata mchezo wake, ngoja zamu yake.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo hayo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9. Tangu 2022 yapo mtandaoni, bure.

Sisi wa Maskati tumezoea kupeleka nguo za Idi. Safari hii nimepeleka bando. Juzi mtoto kauonyesha mtungi kwa kidole: anataka maji. Mama yake kalia.