Kituo cha Afya Hupimwa Nyumbani

Ukiishika Barabara ya Kilwa kutoka upande wa Gerezani, Dar es Salaam, ukaipita Mbagala na Mkuranga, utafika Ikwiriri, Rufiji. Njia hiyohiyo huwaleta mjini wagonjwa wa rufaa, na hapo hesabu ya vifo huvurugika. Mjamzito aliyecheleweshwa kijijini akifia Hospitali ya Muhimbili, kifo chake huandikwa Muhimbili; rejesta ya alikotoka hubaki safi. Mtoto aliyefia nyumbani huenda asiandikwe popote. Basi zahanati iliyosusiwa na wanakijiji inaweza kuonekana haijafiwa na mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa afya wa TEHIP uliukwepa mtego huo. Rufiji, wadadisi walipita kila kaya kila baada ya miezi 4: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Palipokuwa na msiba, waliwauliza ndugu dalili za marehemu. Majibu yakawafikia wanaopanga bajeti ya wilaya. Na bajeti ilihitaji kuguswa: Morogoro Vijijini, wilaya ya pili ya mradi, malaria ilikula takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikipewa asilimia 5 tu ya fedha. Mafungu yakapangwa upya, ikaongezwa pungufu ya dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, wahudumu wakafundishwa kumchunguza mtoto kwa ujumla badala ya homa peke yake. Ndani ya miaka 5 hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Sifa zote zisiende kwa zahanati, maana vyandarua navyo vilikuwa vinaenea.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ni ahadi nzuri, ila inahesabu mapaa. Kati ya 2015/16 na 2022, uzazi vituoni nchini ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vifo vya watoto wachanga vikatoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Mama amefika. Amemkuta nani, na anajua nini?

Mpango wa Safer Births ulilijaribu swali hilo katika vituo 30 vya mikoa 5, ikiwemo Manyara na Geita. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, wakimpumulisha mwanasesere. Vifo vya watoto, wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 za mwanzo, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.